Propela ya mjomba na uongo wangu wa wiki tatu

Najua nimepotea, na wengine mlishaanza kutangaza kwamba nimekula sapu nikaona aibu kurudi chuoni. Hapana jamani, nipo. Likizo yote nilikuwa Lushoto kwa mjomba, chini ya uvungu wa Suzuki, uso mweusi kwa oili chafu. Leo nimerudi Mlimani, nimeoga mara tatu, kucha bado hazijakubali kutakata. Acha niwape mkasa wenyewe, maana umenifunza kitu ambacho hata kule Yombo sikukipata. Na nisipousema leo utanikaa kooni.

Mjomba ana Suzuki SJ413, zile ndogo za mraba zilizoanza kutoka mwaka 1984, injini ya saisi 1,300, springi za pleti mbele na nyuma. Gari dogo lakini lina roho ya punda. Kazi yake ni moja tu: kutoa karoti na kabichi shambani kuzipeleka soko la Lukozi, na siku nyingine kushuka Mombo kuchukua mbolea. Kipande cha kutoka shambani hadi barabara kuu ni kama kilomita sita za udongo. Masika malori yakishapita, yanaacha mifereji miwili na tuta katikati. Sasa Suzuki ikiingia kwenye mifereji ile, tumbo linakaa juu ya tuta, magurudumu yanabaki yanazunguka hewani kama kasa aliyepinduliwa. Mara ngapi binamu yangu kalala barabarani na gunia kumi za karoti? Wanunuzi hawasubiri, na karoti hazisubiri.

Basi mi nikajitosa. Si nasoma ualimu wa Fizikia na Hisabati bwana? Nikamwambia mjomba, "Hili gari tulinyanyue." Mjomba akaniangalia, akasema, "Mjomba, hili gari ndo mkono wangu wa kulia. Ukiuvunja nitakula na nini?" Nikamwapia. Bumu lilikuwa limeingia, nikatoa na la kwangu nikajazia. Ndo maana mwezi ule mlikuwa mnaniona nakula chapati kavu.

Tulifanya mambo matatu kwa mpigo, na hapo ndipo kosa la kwanza lilipolala.

Jambo la kwanza, springi. Kiwandani springi za gari hili zimekaa chini ya ekseli. Ukichomea viti vipya vya springi juu ya ekseli na kuzihamishia huko, bodi linapanda kama sentimita 13 bila kununua springi mpya. Jambo la pili, tairi. Zikatoka 205/70 R15, zikaingia 235/75 R15. Hapa nieleze kidogo, maana wengi hamlijui hili: kunyanyua springi kunapandisha chesisi na tumbo, lakini difu hainyanyuki hata unywele, kwa sababu imekaa kwenye ekseli na ekseli imekaa kwenye tairi. Kinachonyanyua difu ni tairi tu. Tairi zetu mpya zilikuwa ndefu kwa sentimita sita na nusu hivi, kwa hiyo difu ikapata nusu yake, sentimita tatu na kidogo. Basi.

Jambo la tatu, gia. Tairi kubwa inaifanya injini ndogo ihemee. Hizi zetu zilikuwa ndefu kwa karibu asilimia 10. Dawa yake ni ya zamani: unatafuta transfa ya SJ410, kaka yake mdogo mwenye injini ya saisi 1,000. Kwa kuwa injini yake ni dhaifu zaidi, transfa yake ilipewa gia nzito. Ya SJ413 ni 1.409 kwa juu na 2.268 kwa chini. Ya SJ410 ni 1.580 na 2.511. Piga hesabu, unapata asilimia 12 juu na asilimia 11 hivi chini. Yaani tairi inakunyang'anya 10, transfa inakurudishia na chenji. Niliikuta Ilala kuukuu, nikaibeba kwenye basi hadi Lushoto miguuni kwangu, konda akinitukana njia nzima.

Aliyechomea na kufunga ni fundi mmoja mzee wa pale mjini. Mzee wa maneno machache, miwani yake imefungwa kwa waya. Alipofika kwenye ekseli ya nyuma alitaka kuchomea viti vya springi ili pua ya difu ibaki imetazama mbele kama ilivyokuwa, sambamba na transfa. Mi nikamzuia. Nilikuwa na picha ya gari moja la Marekani lililonyanyuliwa, pua ya difu imeelekezwa juu, propela imenyooka kama mkuki kutoka difu hadi transfa. Nikamwambia, "Fundi, ukiiacha hivi propela itakuwa imepinda kwenye krosi zote mbili. Inua pua, tuondoe kona moja kabisa." Akasema, "Mwanangu, hizo sura mbili zinatakiwa ziangaliane." Nikamjibu, na hapa naona aibu kuandika, "Fundi, mimi hesabu za pembe ndo kazi yangu." Akanyamaza. Akachomea nilivyotaka.

Siku ya kwanza gari lilitoka linapendeza, watoto wakalikimbilia. Kwenye mifereji likapita kama halioni. Mjomba akacheka, akanipa mkono. Kesho yake binamu akashuka nalo Mombo kufuata mbolea. Aliporudi akaniita pembeni. "Bwana, ukifika arobaini linaanza kuimba. Ukifika sitini, meno yanagongana."

Nikamwambia ni tairi mpya, hazijabalansiwa. Na mjomba alipouliza nikamwambia hivyohivyo: "Ni tairi tu mjomba, dogo hilo." Tukabalansi. Kuimba kuko palepale. Nikasema labda krosi zimechoka, nikanunua mbili mpya nikazifunga mwenyewe. Palepale. Nikasema labda mipira inayoshika transfa, nikaibadilisha. Palepale. Wiki mbili zikaisha, hela ikaisha, na kila jioni mjomba akiuliza nilikuwa na jibu jipya. Hakuna hata moja nililolithibitisha. Nilikuwa nabahatisha tu, kama mwanafunzi anayejaza A, B, C, D akiangalia saa.

Wiki ya tatu nikakaa kitako na daftari. Nikajiuliza swali moja ambalo ningeuliza mwanzo: kinachotetemeka kinafuata nini? Kinafuata mzunguko wa injini au kinafuata mwendo wa gari?

Kwa hiyo nikaenda na binamu Mombo, kwenye barabara kuu ile tambarare. Tukafika sitini, linaimba. Nikakanyaga klachi, nikaweka fri, nikaacha injini ilale. Bado linaimba vilevile. Basi si injini, si klachi. Inafuata mwendo wa gari: kuna kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu.

Kitu gani sasa, tairi au propela? Hapa nikatumia hesabu yangu kwa mara ya kwanza bila majivuno. Kwa kilomita 60 kwa saa, tairi ile inazunguka mara 7 na kidogo kwa sekunde. Difu ya SJ413 inataka propela izunguke karibu mara 3.9 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kwa hiyo propela inakwenda mara 28 hivi kwa sekunde. Tairi mbovu inakutikisa kama mtu aliyekushika bega. Propela inavuma kama nyuki kwenye mzinga, na unaisikia kwenye sakafu na makalioni. Yetu ilikuwa nyuki. Binamu alishaniambia tangu siku ya kwanza kwamba linaimba. Sikumsikiliza neno, nilisikia nilichotaka kusikia.

Jaribio la mwisho, na hili lishikeni wenye magari ya namna hii: tulifungua propela ya nyuma tukaitoa kabisa (tairi zimezuiwa kwa mawe kwanza), tukafunga loki za habu za mbele, tukaingiza gia ya magurudumu manne, gari likaenda kwa kuvutwa na mbele peke yake. Tukafika sitini. Kimya. Nilisikia hadi upepo wa dirishani. Binamu akapiga kelele za furaha, mi moyo ukaanguka. Maana ugonjwa ulikuwa nyuma, na nyuma ndiko nilikomshinda fundi mzee.

Bado nikajitetea. Nikaikagua ile propela nikaona kitu: wakati wa kubadilisha krosi niliivuta ikatoka kwenye meno yake ya katikati, nikairudisha bila kuweka alama. Panda za pande mbili hazikuwa kwenye mstari mmoja. Nikashangilia, kumbe ndo hii! Nikaiweka sawa, nikaifunga, nikaenda Mombo. Inaimba vilevile. Hapo wadau nilikaribia kulia. Nimerekebisha kosa la kweli kabisa na hakuna kilichobadilika.

Asubuhi yake nikapeleka gari kwa fundi mzee. Nikaamkia, "Shikamoo fundi." "Marahaba. Linaimba?" Hata sijasema neno! Nikamwambia linaimba. Hakunicheka. Akaniambia nipige jeki, lakini nisipige kwenye ekseli, nipige kwenye chesisi, niweke magogo chini yake, halafu niache ekseli ya nyuma ining'inie. "Gari ya shamba haikai siku zote kwa miguu minne," akasema. "Iangalie inavyoning'inia."

Nikaingia chini na tochi kutafuta propela. Nilichokiona kwanza hakikuwa propela. Ulikuwa mpira wa breki wa nyuma. Umenyooka kama uzi wa gitaa. Ukiugusa unalia. Pale unapoingia kwenye chuma, ngozi yake ilishaanza kupasuka.

Niliduwaa. Mwanzoni kabisa baada ya kunyanyua tuliuangalia mpira ule gari likiwa limesimama kwenye tairi, ulikuwa umelegea vizuri tu. Halafu kukawa na mlio wa kugonga nyuma kila tukipita shimo, kwa sababu shokapu za zamani zilikuwa fupi, ekseli ikishuka zinafika mwisho na kugonga. Mi nikanunua shokapu ndefu. Mlio ukaisha, nikajisifu. Kumbe zile shokapu fupi ndizo zilizokuwa zinaizuia ekseli isishuke sana. Nilipoziondoa, kitu cha kwanza kufika mwisho kikawa mpira wa breki. Yaani niliutibu mlio nikautundika uzito wa ekseli kwenye breki.

Na wiki ile iliyopita tu, mke wa mjomba alikuwa ameshuka na gari hilohilo Mombo, wadogo zangu wawili wamekaa nyuma juu ya magunia. Mnaoijua barabara ya kutoka Lushoto kupita Soni kushuka Mombo, kilomita 30 na ushee za kona, ukuta upande huu na bonde upande ule, mnajua ninachosema. Nilitoka chini ya gari nikakaa kwenye tairi. Fundi akaniletea maji ya kunywa. Hakusema kitu.

Tulipomaliza kuuangalia mpira, ndo akanionyesha propela. Akachukua uzi akafunga nati mwishoni, akaniambia nitoe ile protrekta yangu ya shule. Sura ya flanji ya transfa, digrii 3 kutoka wima. Sura ya flanji ya difu, digrii 21. Mstari wa propela wenyewe umelala karibu digrii 21. Basi kona ya juu digrii 18, kona ya chini sifuri. Nikaangalia zile namba kwenye daftari langu na nikaelewa kila kitu kwa mara moja, na aibu ikanipanda hadi masikioni.

Krosi moja ikiwa kwenye kona haizungushi sawasawa. Inakimbia na kuzubaa, mara mbili katika kila mzunguko. Kwenye kona ya digrii 18, transfa ikienda 100, propela inapanda hadi 105 na kushuka hadi 95. Robert Hooke alishalielewa jambo hili karne ya 17. Dawa yake ni krosi ya pili, yenye kona sawa na ya kwanza, panda zikiwa kwenye mstari mmoja: ya juu ikikimbia ya chini inazubaa, na kinachofika kwenye difu kinakuwa kimetulia. Ni kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, mmoja akiinua mwenzake anashusha. Mi kwa ujanja wangu niliondoa kona ya chini, yaani nilimfukuza mtwangaji mmoja nikidhani napunguza kelele. Na ndiyo maana kunyoosha panda hakukusaidia kitu: krosi ya chini haikuwa na kona, haikuwa na la kusawazisha. Lile gari la kwenye picha? Lina krosi mbili zilizounganishwa pamoja upande wa transfa, zinasawazishana zenyewe hukohuko juu. Ndo maana pua ya difu yake inaruhusiwa kuinuka. Picha ilikuwa ya kweli ila niliisoma nusu.

"Sura mbili ziangaliane." Mzee alikuwa amenipa jibu kwa maneno matatu siku ya kwanza.

Jioni ile nilimwambia mjomba. Nilitaka nianze na propela, nikaona huo nao ni ujanja. Nikaanza na breki. Nikamwambia mpira ulikuwa unakatika, kwamba mi ndo niliyesababisha, kwamba wiki tatu nilikuwa nasema "ni tairi" wala sijui ni nini, na kwamba fundi alinikataza nikamdharau. Mjomba alikaa kimya muda mrefu, anachokonoa moto. Halafu akasema, "Mjomba, gari likiharibika nitatembea. Lakini mtu akiniambia kitu anakijua kumbe hakijui, nitampandisha nani humo?" Akainuka akaenda kulala. Afadhali angenifokea.

Matengenezo yenyewe yalichukua siku tatu. Fundi alikata viti vya springi vya nyuma akavichomea upya, pua ya difu ikashuka, sura zote mbili digrii 3. Tukaweka mipira mirefu ya breki mbele na nyuma, tukatoa upepo kwenye breki hadi pedeli ikawa ngumu. Kisha tukaning'iniza ekseli tena na kupima kila kitu kwa mkono: mipira imelegea, shokapu inafika mwisho kabla ya mpira, na meno ya propela bado yameingiliana vya kutosha. Hili la mwisho nalo lilikuwa linatusubiri, maana bodi likipanda propela inavutwa, na yetu ilibaki imeshikana kidogo mno. Fundi akatuwekea kipande cha chuma kwenye flanji kujazia urefu.

Halafu Mombo. Arobaini, hamsini, sitini. Kimya. Safari hii niliendeshwa na fundi mwenyewe, mi nimekaa pembeni. Akasema tu, "Sasa halina neno," akaomba nimpitishe sokoni anunue vitunguu.

Sasa wadau wenzangu, hasa nyie mnaonyanyua magari ya wazee wenu likizo hii, nawaachia haya machache. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo ubadilishe kingine. Sisi tulibadilisha vitatu kwa mpigo na kila kimoja kikamficha mwenzake. Kabla ya kununua spea, jiulize kelele inafuata injini au inafuata mwendo. Weka alama propela kabla hujaifungua. Ning'iniza ekseli uangalie mipira ya breki kabla mtu hajapanda. Na usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Na kwa sisi walimu watarajiwa: yule mzee alijua jibu, nami nilijua hesabu. Tungekuwa darasani, mwalimu ningekuwa mimi. Ndilo linaloninyima usingizi.

Jana nimepata ujumbe wa mjomba. Nauandika kama ulivyo: "Gari limekwenda Lukozi na kurudi, matope yalikuwa mengi, halijakwama. Soma kwa bidii. Ukija likizo usiliguse mpaka fundi awepo."

Nimemjibu, "Sawa mjomba." Haya, nakimbilia kipindi, tutaonana kafteria. Chapati bado kavu.